Majina kwenye kitambaa cha Mwalimu

Saa mbili usiku mweka hazina alipandisha tena orodha kwenye kundi la wazazi. Majina kushoto, ahadi katikati, kilicholipwa kulia. Waliomaliza walikuwa na tiki ya kijani. Ambao hawajatoa kitu walikuwa na sifuri. Juu iliandikwa "ZAWADI YA KUMUAGA MWALIMU", na chini yake: "Ndugu wazazi, muda unakwenda, tukumbuke ahadi zetu."

Haikupita muda nikapata ujumbe pembeni. Ulitoka kwa mama mmoja anayeuza mboga Soko la Majengo hapa Dodoma, mchicha na mlenda, ambaye nilikuwa namfahamu kwa kusalimiana tu.

"Za usiku, mama mwenzangu. Elfu ishirini kwa sasa sina. Ila mwanangu kasoma kwa Mwalimu, na mimi mwenyewe nimesoma kwake. Sasa jina langu likikaa pale na sifuri, si ndiyo kusema sina shukrani?"

Nilimjibu kwamba hapana. Halafu nikarudi kwenye orodha, nikaisoma upya kuanzia juu, na ndivyo ilivyokuwa inasema.

## Daftari la michango

Mimi ni mtu wa michango. Nimeolewa kwa michango, tumemzika baba kwa michango, na mtoto wa jirani alipolazwa, kikao cha kwanza cha kumchangia kilifanyika kwenye varanda yangu. Sijawahi kuona haya kupita nyumba hadi nyumba na daftari mkononi. Kwenye harusi au msiba daftari lina kazi yake: kuna ukumbi wa kulipia, kuna jeneza la kununua, na lazima ijulikane kimepatikana nini na kimebaki nini.

Kumshukuru mwalimu hakuna bili.

Lakini sisi tulichukua daftari lile lile, nalo likatupanga kuanzia aliyetoa laki mpaka asiyetoa kitu. Aliyetoa laki, mtoto wake alikaa kwa Mwalimu mwaka mmoja kisha akahamishiwa shule ya kulipia. Mama wa mboga ana vizazi viwili vilivyopita mikononi mwa Mwalimu, na alikuwa mstari wa mwisho.

Mwalimu mwenyewe alikuwa anafikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Karibu utumishi wake wote ameufanyia darasa la kwanza na la pili, kule ambako walimu wengi huomba kuondolewa. Alikuwepo MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002 na madarasa yakafurika. Alikuwepo 2015, mtaala wa madarasa hayo ulipopunguzwa ukajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akasema ndicho alichokuwa anafanya siku zote. Alikuwepo 2016 elimu bila ada ilipoanza, na mwaka huo huo Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa kweli sasa, wakaanza kuingia watoto wa Dar es Salaam wanaoshangaa vumbi letu. Wote aliwaanzishia sehemu moja: a, e, i, o, u, hewani kwa kidole, kabla hujaruhusiwa kushika penseli.

Ukilitaja jina lake mtaani kwetu, kuna watu wazima wananyoosha mgongo.

## Foronya ya shangazi

Wazo la zawadi nyingine lilinijia mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, kwa shangazi yangu, Jumapili moja baada ya ibada. Alikuwa amefua, na kwenye kamba kulikuwa na foronya zile ambazo wenye umri wangu mnazikumbuka: kitambaa cheupe, maua ya uzi kwenye kona, na katikati "Usiku Mwema" au "Lala Salama". Hii aliidarizi akiwa shuleni, kwenye somo la sayansi kimu. Chini kabisa aliweka jina lake kwa uzi wa bluu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nilikuja na orodha ya vitu vya sokoni aliyoniandikia asubuhi ile. Herufi za kwenye karatasi na za kwenye foronya zilikuwa na mwinamo mmoja.

Nikaanza kufikiria. Kila aliyesoma kwa Mwalimu anaweza kuandika jina lake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Tungeweza kumrudishia majina hayo, yameandikwa na mikono ile ile aliyoishika akiifundisha, kwenye kitambaa kimoja cha meza. Jina tu. Hakuna kiasi mbele yake.

Nililipeleka wazo kikaoni, chini ya mwarobaini wa shule. Mweka hazina, mtu makini ninayemheshimu, alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na wasiojua kudarizi?"

Baba mmoja fundi cherehani akasema hilo si tatizo. Tumpe majina yote, kwa mashine yake atamaliza kwa siku moja, na herufi zitalingana kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Watu wakaanza kupiga makofi.

Hapo nilibaki kimya, kwa sababu alichosema kilikuwa na akili. Kitambaa chake kingekuwa kizuri kuliko chetu, na watu wana shughuli zao.

Aliyegeuza kikao ni bibi mmoja wa Mvumi, anayelea wajukuu wake hapa mjini. Alisimama, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akasubiri tuitikie sote, kisha akasema, "Mashine haikusoma kwa Mwalimu."

Akakaa.

## Kitambaa hakiezeki

Pingamizi lililonisumbua zaidi halikutoka kikaoni. Lilitoka kwa mwalimu mwenzake tulipokutana tunasubiri daladala.

"Wazo lenu zuri, dada. Ila Mwalimu anajenga. Msingi upo, ukuta umesimama, bati hana. Kitambaa hakiezeki."

Nililala nalo siku nyingi. Je, kazi ya mikono si anasa ya watu wasioulizia bei ya bati? Mstaafu wa leo hesabu ya kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao yake, anayo kichwani. Kumkabidhi mtu wa namna hiyo nguo ya meza, halafu tukapongezana kwamba imejaa upendo, kungeweza kuwa ni kumpunja. Nimewahi kuona zawadi za aina hiyo. Zinamfurahisha aliyetoa, picha zinapigwa, na aliyepewa anarudi nyumbani na matatizo yake yale yale.

Upande wa pili nilikuwa na ule ujumbe wa mama wa mboga kwenye simu.

Kuna jioni nilikuwa tayari kuwaambia wenzangu tuache, tukamnunulie bati. Nikajaribu kuandika tangazo. Nilipofika mahali pa kuweka viwango vya kuchangia, kalamu ikagoma, maana nilijua sifuri itakaa mbele ya nani. Ndipo nikaona kwamba bati na kitambaa havigombani hata kidogo. Kinachogomba ni ile orodha. Pesa inaweza kutolewa bila kuandikwa.

Tukakubaliana hivi. Dukani kwa mweka hazina litakaa boksi lililofungwa, lenye tundu juu. Anayeweza anatumbukiza, asiyeweza anapita, hakuna anayeandika jina wala kiasi. Fedha hiyo Mwalimu atapewa faragha, kwa ajili ya bati. Kitambaa kitakuwa cha wote na kitatolewa mbele ya wote.

Mweka hazina alionya kwamba kwa mtindo huo tutapata pungufu ya ahadi. Kweli tulipata pungufu. Sitaki kuficha hilo, kwa sababu kuna wazazi wawili mpaka leo wanaamini tulimkosesha Mwalimu mabati kadhaa kwa ajili ya kulinda aibu za watu. Nimelipima mara nyingi. Mwalimu huyu alikuwa akikuta mtoto hana daftari anampa lake kimyakimya ili wenzake wasijue. Siamini angependa kuezekwa kwa sifuri ya mzazi wa mtoto huyo.

Mwalimu mkuu naye aliupenda mpango kwa sababu zake. Kitu kinachotoka kwa wote, tena kwa mwalimu anayeondoka, hakimtangulizi mtoto wa mtu yeyote. Bahasha za mzazi mmoja mmoja katikati ya mwaka ndizo zinazomnyima usingizi, na nadhani ana haki.

## Jumamosi za sindano

Tulinunua pamba nzito ya rangi ya krimu kwenye maduka ya vitambaa karibu na Majengo. Nyeupe tuliikataa. Mwezi wa nane Dodoma upepo hauna adabu, na vumbi letu jekundu likiingia kwenye kitambaa cheupe halitoki tena. Kwanza tulikifua, kwa sababu pamba hunywea ikipata maji, na kama ingenywea baada ya kudarizi majina yote yangejikunja. Wenyeji mnajua kufua kwa maji yetu ya chumvi: sabuni inakwisha, povu hulioni.

Nyuzi zilitupa somo lake. Uzi mwekundu tuliouloweka usiku mmoja kwenye kipande cha majaribio ulichuja, asubuhi maji yalikuwa ya waridi. Tukauacha, tukachukua wa kahawia, wa kijani na wa bluu ambao haukuchuja. Uzi wa kudarizi huwa umesokotwa nyuzi sita ndani yake. Tulikuwa tunautenga, nyuzi mbili kwa herufi za watoto ambazo ni ndogo na zimebanana, tatu kwa wakubwa. Mama wa mboga, niliyekuwa simjui kwa hilo, ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote wa kuutenga bila kuufanya fundo. Ndiye akawa mwalimu wetu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Unaandika jina lako kwa penseli, kwa mwandiko wako wa kila siku, bila rula na bila kuiga wa mtu. Kisha unabana sehemu hiyo kwenye fremu ya duara na kulifuata jina kwa mshono wa mnyororo. Walioona mnyororo mgumu walipita na bandi, halafu wakarudi kujaza nafasi. Tulikutana Jumamosi jioni, soko likishapoa, kwenye varanda ya bibi wa Mvumi. Madereva wa bodaboda waliegesha, wakanawa mikono, wakakaa. Kijana mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam alipanda treni ya SGR asubuhi, akadarizi jina lake mchana, akarudi na ya jioni. Wengine walio mbali walituma picha ya jina walilojiandikia kwenye karatasi, na ndugu zao wakalihamishia kwenye kitambaa.

Maongezi ya Jumamosi zile yalinifurahisha kuliko kazi. Watu waligundua kwamba walikaa dawati moja, mwaka tofauti. Kila mtu alikuwa na adhabu yake na kila mtu alikuwa na sifa aliyopewa. Baba mmoja, mkali sana mtaani, alisema Mwalimu ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba ana akili, na kwamba hajawahi kuambiwa tena. Hakuna aliyecheka.

Bibi wa Mvumi hakusoma kwa Mwalimu. Hakusoma kwa yeyote. Alikataa tumwandikie jina, akasema wajukuu wake wanamtosha pale. Alileta shanga. Wanawake wa Kigogo ni mafundi wa shanga, na kwa maneno yake, kitu kinachotoka Ugogo bila shanga kimetoka kwingine. Pindo lote la kitambaa, pande nne, ni kazi yake: nyeupe, bluu, nyeusi, nyeupe.

## Herufi J

Mabishano makubwa yalikuja kwa jina la kijana mmoja anayeendesha bajaji.

Aliacha shule darasa la nne. Alipoandika jina lake kwa penseli, J ilikuwa imegeuka, mkia wake unaangalia kulia. Hakuliona. Akabana fremu, akaanza kudarizi, taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, na alikuwa amefika herufi ya tatu wenzake walipoanza kutazamana.

Mmoja wetu alinivuta ndani. Alisema tumwambie, la sivyo kitambaa kitamwaibisha mbele ya watu na kumuumiza Mwalimu, kwamba mwanafunzi wake hajui J. Mwingine akapendekeza tumwache amalize, kisha usiku tufumue na kuirudia vizuri. Hilo nililikataa kwa nguvu. Kufumua jina la mtu usiku, akiwa amelala, siwezi kushiriki. Lakini la kumwambia lilinitia shaka kweli. Kumwambia ni heshima pia. Ni kumchukulia kwamba anaweza kujifunza leo, na hivyo ndivyo Mwalimu angefanya.

Mama wa mboga alimaliza ubishi. Alienda akakaa karibu naye, akaandika J pembeni ya gazeti, akamwonyesha, akamwambia, "Mdogo wangu, yako inaangalia huku. Unapenda ibaki au uigeuze? Zote ni zako."

Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Iache. Mwalimu ataijua kwamba ni mimi."

Iko pale.

Jambo jingine sikuwa nimelifikiria kabisa. Mzazi mmoja alikuja na daftari la mwandiko la mwanae aliyefariki akiwa darasa la tatu. Aliuliza kama tungeruhusu. Kwenye jalada mtoto alikuwa ameandika jina lake, kubwa, limepanda juu ya mstari kuelekea mwisho. Tulilishika daftari dirishani chini ya kitambaa, mwanga ukapita, na mama yake akafuata herufi moja moja kwa penseli. Alidarizi mwenyewe. Tulimwachia kona ya varanda na mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano.

## Upande wa nyuma

Tulimuaga wiki ya tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani. Dunia imekuwa ikiiadhimisha tangu 1994, kukumbuka mapendekezo ya mwaka 1966 ya ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu. Mwalimu mkuu aliyataja kwenye hotuba, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na muziki, watu waliingia wanacheza na doti za kanga na sufuria, na wali ulitosha.

Kitambaa kilifunguliwa mwisho, kikashikwa na watu wanne.

Nilitarajia asome majina. Hakusoma. Alikishika kwenye pindo, akakigeuza, akaanza kukagua upande wa nyuma, mafundo na ncha za nyuzi, kama alivyokuwa anakagua kazi zetu za stadi. Uwanja mzima ukanyamaza. Akauliza, "Nani amewafundisha kukata uzi?" Watu wakamsukuma mama wa mboga mbele. Mwalimu akamtazama, akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia, "Nyuma pako pasafi."

Ndipo akageuza na kusoma. Alisoma kwa sauti, jina kwa jina, nao wakawa wanaitika "Nipo" kutoka kila upande wa uwanja. Kwa J alisimama. Alicheka, akasema, "Huyu nilimwambia tangu darasa la kwanza," na kijana wa bajaji akainua mikono yote miwili. Kwa jina la yule mtoto hakusema kitu. Alilipitisha kidole kwanza, kisha akalisoma kwa sauti ile ile aliyosomea mengine, na mama yake akaitika kwa niaba.

Kilichofuata ndicho ambacho nimekuwa nakifikiria zaidi. Jioni, watu wakitawanyika, Mwalimu alinishika mkono akaniuliza kama nyuzi zimebaki. Alisema kuna wanafunzi hawamo. Alianza kunitajia: mmoja yuko gerezani, wawili walihamia Kongwa na hawajulikani walipo, mmoja hakuwahi kujua kusoma hata alipomaliza. "Huyo wa mwisho ni wangu zaidi kuliko hawa," alisema. "Nitamwandika mwenyewe."

Sikujua la kumjibu. Sisi tulikuwa tumekusanya waliofanikiwa kuandika. Yeye alikuwa na hesabu yake ya wote.

Nilimpelekea nyuzi zote zilizobaki, na fremu.

## Kamati mpya

Bahasha ya boksi alipewa siku ile ile ofisini, na amenunua bati za upande mmoja. Wale wazazi wawili hawajaridhika na hoja yao naiheshimu: mwaka ujao boksi lianze mapema zaidi, ikiwezekana mwezi wa tatu baada ya mavuno ya kwanza ya mboga, ili bati ziwe nyingi. Hilo nakubaliana nalo.

Sasa kuna mwalimu mwingine anayestaafu, wa hesabu, na kamati mpya imeundwa. Juzi orodha ya kwanza imepandishwa kwenye kundi, majina kushoto, ahadi katikati. Sifuri zimeshaanza. Nimeomba nafasi kwenye kikao cha Jumamosi, na mama wa mboga anakuja nami. Tutaomba orodha iondolewe na boksi lirudi dukani. Zawadi yenyewe wachague wanafunzi wa mwalimu huyo, wao ndio wanaojua mikono yao iliondoka na nini kwake. Kijana mmoja ameshaniambia wanafikiria abakasi ya mbao, kila mtu achonge ushanga wake. Nimemwelekeza kwa fundi seremala wa Chang'ombe mwenye mabaki ya mninga.